Kisiwa Walikokaa Majenerali

Waturuki huenda Gelibolu mwezi Machi. Watu wa Australia na New Zealand huenda Aprili. Sisi tulikwenda mwanzoni mwa Mei, umati ukiwa umeshaondoka na maua mekundu ya popi bado yamejaa kandokando ya barabara. Mpango haukuwa wangu. Ulikuwa wa mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliyekwenda kusoma Istanbul, akanogewa, akabaki. Tuanze na makaburi ya Vita Kuu ya Kwanza, alisema, kisha tuvuke bahari tukapumzike kisiwani Gökçeada. “Dada, ukimaliza kulia utaogelea.” Nikamwambia Mei ya Uturuki si Mei ya Tanga, maji yatakuwa barafu. Akasema basi nitalia tu.

Kutoka Istanbul ni mwendo wa saa tano hivi kwa basi, unapita Tekirdağ na Keşan hadi nchi inapobana na kuwa ukanda mwembamba wa vilima kati ya bahari mbili. Mashariki ni mlango bahari wa Çanakkale, njia pekee ya meli zinazotoka Mediterania kwenda Istanbul na Bahari Nyeusi. Magharibi ni Bahari ya Aegea. Kabla ya kufika Eceabat unaliona daraja jipya linalounganisha Ulaya na Asia, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa jinsi Waturuki wanavyokumbuka. Daraja linaitwa 1915 Çanakkale. Lilizinduliwa tarehe 18 Machi 2022. Minara yake ina urefu wa mita 318, yaani siku ya 18 ya mwezi wa tatu, na umbali kati ya mnara na mnara ni mita 2,023, kwa heshima ya mwaka jamhuri ilipotimiza miaka mia. Wahandisi wameambiwa wajenge tarehe, nao wameijenga.

Tarehe yenyewe ni ya vita vya majini. Tarehe 18 Machi 1915 manowari za Uingereza na Ufaransa zilijaribu kupenya mlango bahari huu kwa nguvu ya mizinga. Siku kumi kabla, usiku, meli ndogo iitwayo Nusret ilikuwa imetega mabomu 26 majini, mahali ambapo adui alikuwa na mazoea ya kugeuzia meli zake. Ya Kifaransa, Bouvet, ilizama kwa dakika chache na mamia ya mabaharia. Irresistible na Ocean za Uingereza zikafuata. London ikaamua kwamba kama njia ya maji haipitiki, askari washuke nchi kavu wazinyamazishe ngome kwa mgongoni. Walishuka alfajiri ya tarehe 25 Aprili.

Mimi ni mtu wa Tanga, na kisa cha kushusha jeshi la Waingereza ufukweni ninakijua tangu utotoni. Novemba 1914 walikuja Ras Kasone na askari kama 8,000, wengi wao wametolewa India, kupigana na Wajerumani na askari wao Waafrika wasiozidi sana elfu moja chini ya von Lettow-Vorbeck. Siku chache baadaye walipanda tena melini, wakaacha bunduki na risasi ambazo mwenyeji wao alizitumia muda mrefu dhidi yao. Haikupita nusu mwaka, dola ileile ikaenda kushuka kwenye ufuo mwingine usioufahamu, ikiwa na ramani mbovu na dharau ileile kwa aliye juu ya kilima. Wanahistoria watanirekebisha wakipenda, lakini mtu wa Tanga akisimama Gelibolu hawezi kuyaona mambo haya kuwa mageni.

Kinachoshangaza kwanza ni udogo. Ghuba ya Anzac, waliposhuka askari wa Australia na New Zealand, na ambayo kwa watu wa nchi hizo ni mahali patakatifu, ni kipande cha ufuo wa kokoto ambacho mtoto anaweza kukikimbia mwanzo hadi mwisho bila kupumzika. Nyuma yake ardhi inapanda ghafla, makorongo na vichaka, na juu kuna jabali la udongo ambalo askari waliotoka mazoezini Misri waliliita Sphinx. Walishuka hapa wakitarajia kuvuka rasi nzima upesi. Miezi minane baadaye walikuwa bado wanaishi kwenye miteremko hiyohiyo, wamechimba mashimo, wanashushiwa hata maji ya kunywa kwa meli.

Makaburi yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yako 31 katika rasi hii. Mawe yake hayasimami kama yale ya Ulaya. Ni vibao vifupi vilivyolazwa kwa kuinama kidogo, hivyo ukitaka kusoma lazima uiname nawe. Nilisoma mengi kuliko nilivyokusudia. Familia ziliruhusiwa kuongeza maneno yao chini ya jina, herufi zisizozidi 66 pamoja na nafasi, na mwanzoni ziliombwa kulipia peni tatu na nusu kwa kila herufi. Hebu fikiri mama anakaa mezani, Melbourne au Manchester, anahesabu herufi za kumuaga mwanawe. Wengine waliandika aya za Biblia. Wengine waliandika jina la utani la nyumbani. Serikali ya New Zealand ilikataa jambo hilo kabisa, ikitaka wafu wake wote wawe sawa, kwa hiyo mawe ya vijana wake yana jina, kikosi na tarehe, basi. Mdogo wangu aliona huo ndio uungwana. Mimi nilibaki na wale akina mama wa kuhesabu herufi, na tukabishana hadi kwenye gari.

Barabara ya juu, inayopita Lone Pine kuelekea Chunuk Bair, imepita palepale palipokuwa katikati ya majeshi mawili. Kushoto mahandaki ya hawa, kulia mahandaki ya wale, na mahali pengine upana wa barabara ndio uliokuwa umbali wote kati yao. Tarehe 19 Mei 1915 Waturuki walishambulia hapa, wakapoteza watu kama 3,000 kwa siku moja. Joto likapanda, uvundo ukawashinda wote, na tarehe 24 Mei walikubaliana kusimamisha vita kwa saa kadhaa wazike. Waliokuwa wakiuana jana yake walibeba maiti bega kwa bega, wakapeana sigara. Jioni wakarudi mashimoni, risasi zikaendelea. Kisa hiki husimuliwa kama ushahidi wa utu. Kwangu mimi kinatisha zaidi ya mashambulizi, maana kinaonyesha kwamba kuacha kuliwezekana, na walijua namna ya kuacha.

Kwenye ukumbusho wa Kikosi cha 57 tulikuta mabasi ya shule. Huko hakuna ukimya wa makaburi ya Waingereza. Kuna dua, kuna walimu wenye vipaza sauti, kuna watoto waliofunga bendera mabegani na wauza maji. Kikosi hicho ndicho Mustafa Kemal, wakati huo ofisa ambaye nje ya jeshi hakujulikana sana, alikiamuru asubuhi ya Aprili 25 kisimame kife ili kununua muda wengine wafike. Kikasimama. Watoto walipanga foleni kupiga picha na sanamu ya mzee aliyeshikana mkono na mjukuu wake: ni Hüseyin Kaçmaz, Mturuki wa mwisho kufa kati ya waliopigana hapa, aliyefariki mwaka 1994. Jambo ambalo sikusikia mwalimu yeyote akilitaja ni kwamba vikosi viwili vingine vya divisheni ya Kikosi cha 57, cha 72 na cha 77, vilijaa Waarabu kutoka Syria. Dola ya Osmani ilikuwa na watu wa kila rangi, na ilipoteza hapa zaidi ya 80,000. Taifa lililozaliwa baadaye likajichagulia wa kuwakumbuka.

Si Waturuki peke yao waliochagua. Kusini kabisa ya rasi, juu ya Ghuba ya Morto, kuna mnara mkuu wa Waturuki, nguzo nne zenye urefu wa zaidi ya mita 40 zilizobeba paa tupu, uliofunguliwa mwaka 1960. Kila basi linakwenda pale. Karibu yake, kwenye mteremko wenye misonobari, kuna makaburi ya Wafaransa, na tulikuwa peke yetu. Misalaba ya chuma cheusi imepangwa safu kwa safu, na juu yake ni majengo meupe yaliyohifadhi mifupa ya maelfu wasiotambuliwa. Ufaransa ilileta hapa askari wa Afrika Magharibi, wale waliojulikana wote kwa jumla kama Wasenegali hata kama walitoka Mali au Guinea. Wamelala humo, wamechanganyika na wakulima wa Provence, na pengine hapo ndipo walipowahi kutendewa sawa.

Mnara wa Waingereza uliopo Helles, upande wa pili wa ghuba, umechongwa majina zaidi ya 20,000 ya watu ambao makaburi yao hayajulikani. Nilizunguka nje yake nikisoma hadi shingo ikaniuma. Hapo ndipo nilipokasirika. Katika vita hivyohivyo, na chini ya bendera hiyohiyo, wapagazi wa kwetu walikufa kwa makumi ya maelfu kwa kuhara, kwa malaria na kwa njaa, wamebeba risasi za watu wengine kutoka Voi hadi Rufiji na kuvuka hadi Msumbiji. Jina la jeshi lao limebaki kwenye soko la Dar es Salaam na mtaa wa Nairobi. Pale Samora Avenue, Dar es Salaam, yupo Askari wa shaba, amesimama tangu mwaka 1927 na bunduki yake, na chini yake kuna maandishi kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Jina la mtu hata mmoja halipo. Aprili 2021 Tume hiyohiyo ya Makaburi, ambayo wakulima wake wa bustani hupalilia mawaridi ya Gelibolu hadi leo, ilitoa ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri. Baadhi ya orodha za vikosi zilikuwepo. Waliohusika waliona tu kwamba mama wa Kinyamwezi hangehitaji jiwe la kusoma.

Usiku tulilala Çanakkale, ng'ambo ya mlango bahari. Mji una wanafunzi wengi, na ufukweni pamesimamishwa farasi wa mbao aliyetumika kwenye filamu ya Troy ya mwaka 2004, kwa sababu magofu ya Troy yenyewe yako jirani. Vita juu ya vita. Tulikula halua ya huko, ambayo huipika kwa jibini bichi. Ni nzuri, ila Mpemba asiambiwe kwamba ile ni halua.

Kivuko cha kwenda Gökçeada huondoka Kabatepe, kusini kidogo ya Ghuba ya Anzac, na safari ni zaidi kidogo ya saa moja. Abiria walikuwa na miamvuli ya ufukweni, mbao za kupigia mawimbi na matangi ya mafuta ya zeituni. Nilisimama nyuma ya meli nikitazama vilima vikizidi kuwa vya buluu, nikasikia mwili ukilegea kama mtu aliyetoka matangani. Likizo imeanza, nikajiambia.

Haikuwa hivyo, kwa sababu ya mambo niliyoyasoma jioni ileile. Gökçeada, ambayo hadi mwaka 1970 iliitwa rasmi İmroz, kutokana na jina lake la Kigiriki, Imbros, ndiyo ilikuwa makao makuu ya vita vile. Jenerali Ian Hamilton, kamanda wa majeshi yote yaliyoshuka Gelibolu, alipiga kambi kwenye ghuba ya Kefalos majira ya joto ya 1915. Kulikuwa na uwanja wa ndege, ghala na mahema. Baadhi ya vikosi vilivyochakaa vililetwa huku vipumue, kisha vikarudishwa. Kwa hiyo safari yetu, makaburi kwanza na kisiwa baadaye, haikuwa ubunifu wa mdogo wangu. Ilikwishapangwa na makao makuu.

Kefalos ya leo ni ufuo wa Aydıncık, mchanga mzuri wenye upepo usiokoma, na watu wa mbao za tanga huja kutoka nchi nyingi kuufuata upepo huo. Nyuma ya ufuo kuna ziwa la chumvi ambalo heroe hutua. Niliingia majini hadi kiunoni, nikatoka. Nilikuwa nimesema kweli kuhusu barafu. Hewa ikiwa safi, upande wa mashariki unauona mstari wa Gelibolu, karibu vya kutosha kuhesabu vilele na mbali vya kutosha usione mtu. Hamilton alikuwa na mandhari hii kila asubuhi. Alikuwa msomi, mwandishi mzuri, na mwaka 1920 alichapisha shajara yake ya vita. Sina shaka aliwahurumia vijana wake. Lakini amri zake zilivuka maji haya kwa waya na kwa boti, na habari za maiti zilivuka kurudi zikiwa zimechujwa, na jenerali aliyeko ng'ambo ya bahari huzoea kuona vilele tu. Mwandishi wa habari wa Australia, Keith Murdoch, baba yake Rupert, alipita Septemba, akatazama pande zote mbili za maji, akaandika barua ndefu iliyojaa hasira na chumvi kidogo. Oktoba Hamilton akaitwa nyumbani.

Kilichofanikiwa zaidi katika kampeni nzima ni kuondoka. Desemba walitoroka usiku baada ya usiku, wakiacha bunduki zilizofungwa makopo mawili: maji yanadondoka kutoka kopo la juu hadi la chini, likijaa linavuta kifyatulio, risasi inalia, na Mturuki anaamini mtu bado yupo. Mpaka alfajiri ya tarehe 20 hapakuwa na mtu Anzac. Wa mwisho Helles waliondoka tarehe 9 Januari 1916.

Kisiwa nacho kina hasara yake, ambayo haina mnara. Wakazi wake karibu wote walikuwa Wagiriki, na mkataba wa Lausanne wa mwaka 1923 ulipokipa Uturuki uliahidi kwamba wangeachwa wakae na kujiendeshea mambo yao. Mwaka 1964 mafundisho kwa Kigiriki yalipigwa marufuku shuleni, mashamba yakatwaliwa, na gereza la wazi la kilimo likajengwa. Watu wakaondoka, familia baada ya familia, hadi wakabaki mamia. Dereköy, kilichowahi kuwa kijiji kikubwa, ni kuta za mawe zisizo na mapaa, mitini imeota vyumbani, na nyumba ya kufulia nguo ya kijiji bado ipo na mabirika yake ya mawe. Mbuzi walitutazama kutoka dirishani. Zeytinliköy kuna uhai zaidi. Ni kijiji alikozaliwa Patriaki Bartholomew wa Kanisa la Kiorthodoksi mwaka 1940, na vibaraza vyake vinauza kahawa iliyotwangwa kwenye kinu cha jiwe. Mwaka 2013 shule ya Kigiriki ilifunguliwa tena kisiwani. Tulipita kijijini wakati wa mapumziko, tukasikia watoto wakigombana kwa lugha mbili. Sitaki kulikuza jambo hili kuliko lilivyo, ila nilifurahi.

Chakula cha kisiwa sina budi kukisifu: kondoo wanaozurura milimani bila mchungaji, jibini lao, na asali. Asali ndiyo iliyotuchelewesha kwenye kivuko cha kurudi. Mama mmoja alikuwa akiuza chupa zake kando ya barabara ya bandarini, mizinga ya rangi ya buluu imepangwa nyuma yake mlimani, na mdogo wangu, ambaye hajui kununua kitu bila mazungumzo, akamweleza kwamba dada yake ametoka mji ambao nyuki waliwahi kupigana na Waingereza. Yule mama akaweka kijiko chini. Ikabidi nisimulie na kijana atafsiri: jinsi risasi za mashine zilivyotoboa mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini Tanga, jinsi nyuki walivyotoka na hasira na kuwaangukia wote, Wajerumani na Waingereza, ingawa Waingereza waliokuwa wakikimbia tayari ndio waliokumbukwa, na jinsi baadaye ilivyodaiwa kwamba Wajerumani waliwatega makusudi kwa kamba njiani.

Alicheka hadi akafuta machozi. Kisha akawa mtu wa kazi. Aliuliza nyuki wetu ni wakubwa au wadogo, wanakula maua gani, magogo yanatundikwa juu kiasi gani, na nani huthubutu kupanda kurina. Nikamjibu nilivyojua: ni wadogo, ni wakali, na hurinwa usiku kwa moshi. Akatikisa kichwa, akasema nyuki wa namna hiyo hata akipewa bure hawataki. Honi ya kivuko ikalia. Tulilipia chupa mbili, naye akasukuma ya tatu mkobani mwangu, akamwambia mdogo wangu hiyo nimpelekee yule anayepanda mtini.